Kuchagua Kamba na Mbao za Benchi la Kuwamba la Barazani

Anayeagiza benchi la barazani kwa kawaida huanza na mbao. Huuliza bei ya mninga, huilinganisha na ya paina, hukubaliana na seremala kuhusu urefu na kimo, na swali la kamba gani itakayotumika kuwamba kiti huachwa hadi fremu iwe imekwisha kuunganishwa na kupakwa vanishi. Kwa maoni yangu huko ni kuanzia nyuma. Kamba ndiyo inayombeba mtu, ndiyo inayopigwa na jua na mvua ya upepo, na ndiyo inayovuta mbao usiku na mchana hata pasipokuwa na aliyekaa. Ukishajua kamba inayofaa mahali ambapo benchi litawekwa, unene wa mbao, mviringo wa kingo na hata aina ya mti huamuliwa kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo ninalinganisha kwanza kamba, ndipo nije kwenye mbao.

Benchi ninalolizungumzia lina urefu wa sentimita 110, kina cha sentimita 38 na kimo cha sentimita 45. Linawatosha watu wawili kukaa wakavua viatu, na chini yake panabaki nafasi ya kupanga viatu hivyo. Muundo wake ni ule ule wa kitanda cha kamba cha pwani: matendegu manne ambayo ni miguu yake, mifumbati miwili ambayo ni mihimili mirefu ya pembeni, na vitakizo viwili ambavyo ni mihimili mifupi ya miisho. Kukaa mlangoni ni jambo la kale katika miji yetu. Nyumba za mawe za Lamu zina daka lenye viti vya mawe pande zote mbili za mlango, na nyumba nyingi za kawaida zina baraza la saruji. Benchi la kamba lina faida ambayo saruji haina, kwani hewa hupita chini ya aliyekaa, kiti hakihifadhi joto la mchana, na lote linaweza kuinuliwa na mtu mmoja siku ya kupiga deki.

Makumbi na katani

Hizi ndizo kamba mbili za asili ambazo mtu hujikuta akizipima moja dhidi ya nyingine, na tofauti yao si ya rangi tu. Kamba ya makumbi, ambayo wengine huiita kamba ya usumba, hutoka kwenye ganda la nje la nazi. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja kama Jambiani, wanawake hufukia makumbi kwenye mchanga wa pwani unaofikiwa na maji ya bahari, huyaacha kwa miezi kadhaa hadi sehemu laini ioze, kisha huyafukua, huyaponda, hutenga nyuzi na kuzisokota kwa viganja. Nyuzi ambazo zimevumilia miezi ndani ya maji ya chumvi haziogopi upepo wa bahari. Mitepe, yale majahazi ya kale ya pwani yetu yaliyojengwa bila misumari, ilishonwa kwa kamba hiyo hiyo.

Katani nayo ni mgeni aliyegeuka mwenyeji. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliingiza mmea huo Tanganyika mwaka 1893, mashamba ya kwanza yakawa karibu na Pangani, na tangu hapo jina la Tanga na jina la katani vimekuwa vikitajwa pamoja. Nyuzi zake ni ndefu, nyeupe zinazoelekea rangi ya maziwa, na zina nguvu kubwa ya kuvutwa. Jambo la kuzingatia zaidi kwa mwambaji ni kwamba katani hainyooki sana, yaani hairefuki, inapobebeshwa uzito, ilhali makumbi hunyooka kwa kiasi kikubwa kabla ya kukatika.

Kutokana na tofauti hiyo moja hutokea karibu mambo yote mengine. Kiti cha katani hubaki tambarare na mistari yake hubaki imenyooka, kiasi kwamba kazi nzuri ya katani huonekana kama imechorwa kwa rula. Lakini ukiwamba uzi mmoja ukiwa umelegea, utaonekana umelegea kwa muda wote wa maisha ya benchi, kwa sababu zile za jirani yake hazitanyooka ili zilingane nao. Kiti cha makumbi humsamehe mwambaji anayejifunza. Nyuzi zilizokazwa zaidi hunyooka kidogo, zilizolegea hupata zamu yake ya kubeba, na baada ya wiki kadhaa kiti kizima huwa kimejipanga chenyewe kikawa na bonde dogo linalompokea mtu vizuri. Gharama ya usamehevu huo ni kwamba lazima kikazwe tena baada ya miezi michache ya mwanzo, na asiyependa kurudia kazi asijidanganye kwamba hatua hiyo inaweza kurukwa.

Unyevu ndio unaoamua. Kamba ya katani inapolowa huvimba na kuwa fupi, na inapokauka hurudi kulegea, kwa hiyo katika baraza la wazi la Tanga, Mombasa au Mtwara kiti huwa kigumu wakati wa masika na kilicholegea wakati wa kiangazi, na baada ya misimu michache huanza kuonyesha madoa meusi ya ukungu ambayo hayatoki kwa kufuta. Katika hali ya hewa kavu ya Dodoma, Singida au Tabora hayo yote hayana nafasi, na huko katani ningeichagua bila kusita. Pwani ningeiruhusu ndani ya ukumbi tu, mbali na dirisha linaloingiza mvua.

Makumbi, kwa upande wake, huchoma. Vincha vya nyuzi hujitokeza kila mahali, na mtoto mwenye kaptura au mwanamke mwenye vazi jepesi atavihisi mara anapokaa. Wawambaji wengi hulowesha kamba kabla ya kazi ili ilainike, na kiti kikishakauka hupitisha juu yake moto mdogo kwa haraka ili kuunguza vincha hivyo. Njia hiyo inafaa, mradi ifanywe nje, ndoo ya maji ikiwa karibu, na mbali na mbao zenye vanishi mbichi. Kitambaa kinene cha kutandika ni suluhisho rahisi zaidi.

Namna ya kuikagua kamba ya makumbi sokoni ni kushika kipande cha urefu wa mkono na kukizungusha kinyume cha msokoto wake mpaka kifunguke. Kamba njema hufunguka ikawa nyuzi ndefu za kahawia zinazoshikana bado, na kiganja hubaki karibu safi. Kamba mbaya humwaga unga na vipande vifupi kama vya ufagio uliochakaa, na hiyo maana yake ni kwamba nyuzi zilioza kupita kiasi au zilisokotwa pamoja na takataka za makumbi. Kwa katani, kagua harufu. Kamba nyingi za kufungia mizigo hutiwa mafuta kiwandani, na mafuta hayo yanaweza kuhamia kwenye nguo nyeupe ya Ijumaa. Funga kipande katika karatasi nyeupe, kiweke mahali penye jua hadi kesho yake, na kama karatasi imepata doa, usiitumie kamba hiyo kwa kiti.

Manila na ukili

Kamba za manila, yaani zile za plastiki zinazouzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi, zina heshima ndogo miongoni mwa wapenda vitu vya asili, nami naona zinaonewa. Mahali ambapo watoto huingia wakiwa wamelowa, ambapo viatu vya mvua huwekwa juu ya kiti, na ambapo mtu anataka kuosha benchi kwa sabuni na brashi, hakuna kamba ya asili inayoweza kushindana nazo. Lakini chini ya jina hilo moja kuna vitu viwili tofauti, na muuzaji mara nyingi hawezi kukuambia ni kipi anachokuuzia. Kata kipande kidogo ukitie ndani ya glasi ya maji. Kikielea ni polipropilini, ambayo hainywi maji kabisa lakini huharibiwa na jua, ikawa inamwaga chembe chembe ukiigusa. Kikizama huenda ikawa nailoni, ambayo hustahimili kusuguliwa vizuri zaidi na ina nguvu zaidi, ingawa hunyooka inapobebeshwa uzito na kwa hiyo huhitaji kukazwa sana tangu mwanzo. Kamba za kusokotwa zinazouzwa katika maduka ya vifaa vya uvuvi mara nyingi ni bora kuliko zile zinazong'aa za kufungia mizigo.

Kasoro kubwa ya manila kwa mwambaji ni utelezi. Fundo linalotosha kwa makumbi hufunguka lenyewe kwa manila, hivyo kila mwisho lazima upigwe mafundo mawili na kuyeyushwa kwa moto ili usifumuke. Pia hukata vidole wakati wa kukaza, na glavu ni lazima kwa anayewamba kiti kizima kwa siku moja.

Ukili ni jambo jingine kabisa. Huu si kamba ya kusokotwa bali ni utepe uliosukwa kwa majani ya ukindu au miyaa, uleule unaoshonwa kuwa mikeka, na kwa uzuri hakuna kinachoukaribia. Ukindu ni laini na hupokea rangi vizuri. Miyaa ni migumu zaidi, na ndiyo inayotumika kwa majamvi na vikapu vya kazi. Udhaifu wake upo kwenye kingo. Jani lililokauka halipendi kukunjwa mahali pamoja mara elfu, na pale ambapo utepe unapinda juu ya mfumbati ndipo unapoanza kupasuka. Benchi la barazani ambalo watu hukaa na kuinuka siku nzima litaumaliza ukili mapema mno, na inasikitisha kuona kazi ya mikono ya namna hiyo ikiharibika mahali ambapo haikustahili kuwekwa.

Kuna njia ya kati ambayo ninaipendekeza kwa moyo wote kwa yule asiyetaka kuukosa ukili. Katika kiti kirefu na chembamba, uzito mkubwa hubebwa na nyuzi zinazokatiza upana, kwa kuwa ni fupi na hazina nafasi ya kubonyea; zile zinazokwenda urefu hubeba kidogo na kazi yake kubwa ni kuzishikanisha za kwanza. Basi wamba upana kwa kamba ya makumbi au katani, kisha pitisha ukili kwa urefu, chini na juu, chini na juu. Rangi zitaonekana, mguso utakuwa laini, na siku ukili utakapochakaa utavutwa peke yake na kubadilishwa bila kubomoa uwambaji wote.

Ngozi mbichi ya ng'ombe iliyokatwa mikanda hutumika pia katika sehemu za wafugaji, na ina nguvu isiyo na mfano, lakini hulegea ikilowa na huvutia panya na mbwa. Kwa mlangoni siipendekezi.

Kiasi cha kamba, na nguvu inayovuta mbao

Kabla ya kununua, fanya hesabu. Kwa mfumbati wenye kina cha sentimita 7.5, mzunguko mmoja wa kukatiza upana hupita juu sentimita 38, hushuka, hurudi chini na kupanda, jumla sentimita 91. Ukitumia kamba ya milimita 6 na kuacha nafasi ya unene wa kamba moja kati ya mizunguko, utahitaji mizunguko 92 hivi, yaani karibu mita 84. Kwa urefu, mzunguko mmoja ni karibu sentimita 235, na mizunguko 32 ni kama mita 75. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya mafundo na mapindo ya kusuka, na utaona kwamba mita 175 ndizo za kununua. Anayetaka kiti kisicho na nafasi kabisa ajiandae kwa kiasi kinachokaribia maradufu.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini fremu nyembamba hushindwa. Mizunguko 92 ni nyuzi 184 zinazovuta mfumbati mmoja kuelekea mwingine, juu na chini. Kila uzi ukivuta kwa nguvu ya kilo 3 tu, jumla inapita kilo 550, nayo haipumziki. Mfumbati wa mbao ya inchi moja utapinda kuelekea ndani katikati, na ukipinda, nyuzi za katikati hulegea huku za miisho zikibaki zimekaza. Kwa hiyo mifumbati iwe na unene wa sentimita 5 na kina cha sentimita 7.5, na katikati ya benchi pawekwe upau wa kuitenganisha, ukiwa umeshuka sentimita 4 chini ya usawa wa juu ili aliyekaa asiugonge. Upau huo hukaa kati ya tabaka la juu la kamba na lile la chini, na ni lazima uingizwe kabla ya kuanza kuwamba, kwa sababu baadaye hakuna njia ya kuuingiza.

Kwa katani na manila, ambazo hazinyooki sana au hukazwa sana, vipimo hivyo visipunguzwe hata kidogo. Kwa makumbi unaweza kuridhika na mfumbati wa unene wa sentimita 4 ikiwa mbao ni ngumu.

Mbao

Mninga unastahili nafasi ya kwanza kwa benchi hili kwa sababu mbao zake husinyaa kidogo sana zinapokauka, hazipindi ovyo, hupigwa randa bila usumbufu, na mchwa hauli kiini chake kwa urahisi. Hutoka katika misitu ya miombo ya mikoa kama Tabora, Katavi na Ruvuma, na kwa kuwa ni mti wa asili unaovunwa kwa kibali, mnunuzi ana haki na wajibu wa kumuuliza muuzaji hati za Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao isiyo na karatasi huwa rahisi kwa sababu mtu mwingine ameilipia gharama, nao ni msitu.

Msaji huukaribia mninga kwa kila kitu, nao una sifa ya ziada ya kutoka katika mashamba yaliyopandwa, kama yale ya Longuza huko Muheza na ya Bonde la Kilombero. Miti ya mashamba ikivunwa ingali michanga huwa na sehemu kubwa nyeupe karibu na gome, na sehemu hiyo haina uimara wa kiini. Chagua mbao za kahawia pande zote nne. Msaji pia una mafuta yake ya asili, kwa hiyo viungo vifutwe kwa spiriti kabla tu ya kutiwa gundi. Kati ya hizi mbili, kwa baraza la wazi la pwani ningechukua msaji, na kwa ukumbi wa ndani mninga, kwa ajili ya rangi yake.

Mvule ni mbao kubwa, imara na inayojulikana vyema Kenya na Uganda pia, lakini kwa kazi ndogo kama hii una matatizo mawili: vumbi lake huwasha ngozi na kifua, na ndani yake mara nyingine mna chembe ngumu kama jiwe zinazovunja makali ya randa. Mwenye mabaki ya mvule kutoka kwenye mlango autumie. Asiye nao hana sababu ya kuutafuta.

Paina, ambayo kwa Tanzania hutoka kwa wingi katika shamba la Sao Hill huko Mufindi, ni ya bei nafuu, nyepesi na hupatikana kila mahali. Ubaya wake kwa benchi la kamba ni ulaini. Kamba iliyokazwa huzama kwenye ukingo wa mbao laini ikachimba mfereji, na kila mfereji unaochimbwa ni urefu unaopotea na uzi unaolegea. Ukitumia paina, mifumbati iwe na unene wa sentimita 6, na ukingo upewe mviringo mpana, kisha uwambe kwa makumbi, si kwa katani wala manila. Mbao za paina zilizotiwa dawa ya kijani hustahimili mchwa, ila vumbi lake lisivutwe puani na mabaki yake yasichomwe jikoni. Saipresi huvumilia unyevu vizuri zaidi kuliko paina, na kwa wasomaji wa Kenya mara nyingi ndiyo chaguo la kawaida. Kagua mafundo yake, kwani fundo kubwa katikati ya mfumbati ni mahali pa kuvunjika.

Zanzibar mafundi hutumia sana mfenesi na mwembe. Mfenesi ni mbao njema sana, ya njano inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyopita, na inafaa benchi hili bila masharti. Mwembe hushambuliwa mno na wadudu watoboao mbao, nami nisingeutumia mahali ambapo kamba imezifunika mbao na matundu hayataonekana hadi uharibifu uwe umekamilika.

Vyovyote iwavyo, mbao iwe imekauka. Kata kipande kidogo, kipime kwenye mizani ya dukani, kipime tena baada ya wiki. Kama uzito bado unapungua, subiri.

Viungo na umaliziaji

Kati ya ulimi na tundu, yaani ncha ya mbao moja inayochongwa ikaingia kwenye shimo la nyingine, kwa upande mmoja na skrubu kwa upande mwingine, chaguo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mvuto wa kamba husukuma matendegu kuelekea kwenye vitakizo, kwa hiyo kiungo cha ulimi kilichokatwa sawasawa hubanwa zaidi kadiri kiti kinavyokazwa, hata gundi ikichoka. Skrubu haipati faida hiyo, na ikilegea utalazimika kufumua kamba ili kuifikia. Vitakizo vikae juu ya usawa wa mifumbati kwa sentimita 2 ili ndimi zisigongane ndani ya tendegu.

Kingo zote zinazoguswa na kamba zizungushwe kwa randa na msasa hadi kidole kipite bila kukutana na pembe. Mafuta ya kitani au vanishi yapakwe kabla ya kuwamba na kuachwa yakauke kwa wiki nzima. Vanishi iliyokauka nusu hunata kwenye kamba wakati wa joto, na manila huacha alama isiyofutika. Mimi huchagua mafuta kwa mifumbati na vanishi kwa matendegu, kwa sababu chini ya kamba vanishi husagika na kubanduka, na matendegu ndiyo yanayopigwa na maji ya deki.

Mwisho wa kamba usikatwe karibu na fundo. Acha mita moja na nusu, izungushe kwenye upau wa katikati, chini ambako haionekani. Kiti cha makumbi kinapolegea, fungua mkia huo, anza kukaza kutoka mzunguko wa kwanza kwa kigingi cha mti, ukisogeza ulegevu kutoka uzi hadi uzi mpaka ufike mwisho, kisha ufunge upya. Kwa katani kazi hiyo huhitajika mara chache, na kwa ukili uliopitishwa juu ya makumbi utaanza kwa kuuchomoa wote na kuukunja pembeni.